Kipima maji cha gatini: paipu kwanza, programu baadaye

Maji mafu (siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo)

Kwa anayeingia sasa: natengeneza kifaa cha kukaa kwenye gati ya mjomba, hapa Lamu, njia ya kwenda Shela, kiandike usiku na mchana maji yanavyojaa na kupwa. Bodi ni ESP32, kompyuta ndogo yenye redio yake. Sensa ni JSN-SR04T, ile ya sauti isiyoingia maji, yenye kichwa kilichozibwa na waya mrefu. Programu naiandikia kwenye Arduino IDE, kihariri cha kuandika msimbo na kuupakia kwenye bodi, na maktaba zote, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ni za chanzo huria, sijatoa hata shilingi.

Sensa inapiga mlio ambao sikio halisikii, mlio unagonga maji na kurudi, bodi inahesabu mikrosekunde. Hewa ikiwa nyuzi 20, kila sentimita ya umbali ni kama mikrosekunde 58 za kwenda na kurudi. Mezani kazi hiyo ni mteremko. Gatini, boti ya mashine ikipita tu, namba zinaruka huku na huku hadi hujui ushike ipi.

Mafundi wengi watakwambia uchukue vipimo vingi, uvipange kwa ukubwa, ushike cha katikati. Hilo limo kwenye programu yangu na linafaa. Ila dawa yenyewe ni paipu. Simamisha paipu ya PVC ndani ya maji, izibe chini, acha tundu moja dogo. Maji yanaingia na kutoka polepole, kwa hiyo wimbi la sekunde chache linafia nje, na kujaa kwa saa sita kunaonekana kama kulivyo. Vituo vya kupimia maji bandarini vilitumia mbinu hii kabla ya kompyuta kuzaliwa. Kipimo kinachotumika sana ni tundu lenye kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya paipu. Paipu yangu ni ya inchi 6, nikatoboa sentimita 1.5.

Bado maji mafu

Maji yakishuka chini sana namba inagoma: 142, 142, 142. Bahari inaendelea kupwa, kifaa kinashikilia pale pale. Nikashusha tochi kwa kamba ndani ya paipu, nikapima kwa utepe hadi kwenye kiungo cha vipande viwili: sentimita 142. Mlio wa sensa hii unatawanyika sana ukitoka, na ule ukingo wa kiungo unatosha kuurudisha kabla haujafika majini. Hakuna programu itakayotibu hilo bila kudanganya. Inatakiwa paipu isiyo na kiungo.

Madukani PVC huuzwa kwa urefu wa mita 6. Yangu ilivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, imelazwa juu ya mashua, nusu yake nje, na abiria wakauliza kama nachimba choo. Nashukuru gati iko ufukweni. Kuipitisha mita 6 kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, na punda wanakuja mbele, ingekuwa kisa kingine.

Bamvua (siku za maji makubwa), mwezi mwandamo

Paipu mpya imesimama, na maji yanaonekana mwanzo hadi mwisho. Sasa adui ni joto. Sauti hukimbia kadiri hewa inavyopata moto: kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, karibu mita 350 kwenye nyuzi 30. Kwa umbali wa mita 3, tofauti hiyo peke yake ni zaidi ya sentimita 5, na paipu ya kijivu kwenye jua la adhuhuri inapita nyuzi 30 kwa mbali. Nimeipaka rangi nyeupe na kuning'iniza sensa ya joto ya DS18B20 ndani yake, hesabu inarekebishwa kila kipimo.

Umeme kwa ufupi. Sensa inarudisha volti 5 na ESP32 inataka 3.3, kwa hiyo kuna resista ya kilo-om 1 na ya 2 katikati za kuishusha. Bodi inaamka kila dakika 10, inapima, inatuma, inalala. Chipu ikilala hula kama mikroampia 10, lakini ile taa nyekundu ya bodi haijui kulala, nimeing'oa.

Chumvi ndiyo haina huruma. Pini za shaba zilianza kuota ule ukijani wake mapema mno. Kila kiungo sasa kimelehemiwa, hakuna cha kuchomeka, na juu yake nimepaka rangi ya kucha ya dada yangu, ya waridi. Mjomba hajaacha kucheka.

Vipimo vinasafiri kwa ESP-NOW, bodi kwa bodi, bila ruta wala intaneti. Kuta zetu za matumbawe na chokaa zinameza mawimbi, basi kipokezi nimekiweka juu darini chini ya makuti, kinakoona gati.

Jioni nilimwonyesha nahodha mmoja mchoro kwenye simu. Akauangalia, akahesabu vidole.

"Mwezi mosi leo. Maji yatajaa saa kumi na kitu."

Kifaa kilisema saa kumi na dakika ishirini. Siku za bamvua huku maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Mzee hahitaji kifaa changu, na mimi sikukitengeneza kwa ajili yake. Nataka kuona upepo wa kusi unasukuma maji juu kiasi gani kupita yale ya mwezi.

Kwa hilo lazima kwanza nitenge sehemu ya mwezi, inayorudi kila saa 12.42, na ya jua, kila saa 12 kamili. Data ya chini ya kama siku 15 haitoshi kuzitofautisha, kwa hiyo nakusanya ya mwezi mzima ndipo niipitishe kwenye UTide, maktaba huria ya lugha ya Python ya kuchambua kujaa na kupwa. Tatizo la sasa ni vichaza vilivyoanza kushika mdomo wa tundu. Maji yakipwa Jumamosi nashuka na brashi ya waya.