Taarifa ya saa moja: nilivyomhudumia mtoto aliyeunguzwa na chai

Bodaboda iliingia langoni saa mbili na dakika kumi usiku, mvua ya Aprili ikimwagika. Nyuma ya dereva alikaa mama mzee aliyemkumbatia mtoto ndani ya leso mbili. Mtoto alikuwa na miezi 18. Kifua chake, shingo upande wa kushoto na mkono wa kushoto vilikuwa vimepakwa ute wa yai, na juu ya yai unga wa mahindi, na vyote vilikuwa vimeanza kukauka.

"Sista, ni chai," aliniambia kabla sijamwuliza. "Nimeiepua, nikaiweka kwenye stuli, akavuta kitambaa."

Hospitali yetu ni ndogo, iko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili na afisa wa kliniki mmoja. Mwenzangu alikuwa chumba cha kujifungulia, na ambulensi ilikuwa imempeleka mama mjamzito Kisumu. Nilijua kwamba mtoto huyu atakuwa mikononi mwangu kwa saa nyingi.

Kwanza nilimsikiliza akilia. Kilio chake kilikuwa kikubwa, kisafi, hakina mkwaruzo wala mluzi. Kwa chai iliyomwagika kifuani huenda jambo hilo likaonekana la kupoteza muda, lakini nina sababu. Miaka saba nyuma, nikiwa na miezi minne tu kazini katika kituo kingine, nilimpokea kijana aliyelipukiwa na petroli akijaza jenereta ndani ya duka lililofungwa. Mikono yake ilikuwa imechunika, nami nikaikimbilia mikono. Nikasafisha, nikafunga bandeji vizuri. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, nikadhani ni kwa ajili ya mayowe aliyopiga. Vinyweleo vya puani vilikuwa vimeungua, na alipokohoa akatema makohozi yenye masizi. Niliyaona yote hayo na sikuelewa yalikuwa yananiambia nini. Baada ya saa tatu koo lilikuwa limevimba kiasi kwamba mpira wa kupumulia haukupita. Alifariki kabla ya kupambazuka, na bandeji zangu zilikuwa bado safi. Tangu usiku huo siangalii kidonda kabla ya kusikia sauti.

Swali langu la pili lilikuwa saa. "Dani," nilimwita, yaani bibi kwa Kiluo, "imemwagika saa ngapi?"

"Muda si mrefu."

Muda si mrefu haunisaidii. Nikamwuliza redio ilikuwa inasema nini. Akafikiri, akasema taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu alikuwa anaenda kuongeza sauti. Nikaandika kwenye karatasi ya matibabu: saa moja kamili usiku. Saa hiyo ndiyo iliyoongoza kila kitu tulichofanya hadi asubuhi.

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa akishafika hospitali maji ya baridi hayana tena kazi. Maji yanayotiririka kwa dakika 20 husaidia mradi saa tatu hazijapita tangu kuungua, na sisi tulikuwa na saa moja na dakika kumi tu. Nikampeleka kwenye mfereji. Shida ya mtoto mdogo ni kwamba hupoa haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo miguu, tumbo na kichwa nilivifunika kwa blanketi, maji yakapita kwenye kidonda peke yake. Barafu hatutumii kamwe, inaua ngozi iliyosalia. Yai na unga vikaanza kutoka vipande vipande. Dani alisimama pembeni akilia kimya, akiomba msamaha kwa ajili ya lile yai. Nilimwambia ukweli: yai hubeba vijidudu na huficha kidonda, lakini alichofanya alikifanya kwa mapenzi, na kumleta haraka kulikuwa na thamani zaidi.

Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto mtoto alikuwa amevaa uzi wenye shanga. Ngozi iliyoungua huvimba, na uzi ule ungekaza kama kamba na kuzuia damu kufika vidoleni. Nilichukua makasi, dani akanishika mkono. Uzi ule alikuwa amemfunga yeye mwenyewe, kwa sababu zake. Sikubishana naye. Nilimwonyesha vidole vya mtoto, nikamwambia vitanenepa kabla ya usiku wa manane. Akanyamaza kidogo. "Kata, lakini nipe." Nikaukata, nikautia kwenye bahasha ya dawa, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

Baadaye kidogo mkono ulivimba kweli, na nusu saa kwa nusu saa nilikuwa nabonyeza kucha za mtoto kuona kama wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili. Ulirudi kila mara. Mkono haukuwa umeungua kuuzunguka wote, ashukuriwe Mungu. Kidonda kinachozunguka mkono mzima hubana kama bangili, na hapo daktari hulazimika kuichana ngozi iliyokufa ili damu ipite.

Kidonda kilipokuwa safi ndipo nilipokihesabu. Kwa macho tu, mlangoni, ningeapa kwamba ni asilimia 25 ya ngozi yake. Kwa mtu mzima tunagawa mwili kwa sehemu za asilimia tisa tisa, lakini mtoto ana kichwa kikubwa na miguu mifupi: kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja ni kama asilimia 17 ya ngozi yake, cha mtu mzima ni 7. Kwa hiyo tunatumia chati ya Lund na Browder, ambayo imebandikwa ukutani kwetu. Kwa madoa yaliyotawanyika natumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu asilimia 1. Nilichora kiganja chake cha kulia pamoja na vidole kwenye karatasi ya ndani ya glavu, nikaikata, nikaipitisha juu ya kidonda bila kukigusa. Sehemu zilizokuwa nyekundu tu, bila malengelenge wala kuchunika, sikuzihesabu. Jibu likawa 14.

Tofauti ya 25 na 14 si ya kwenye karatasi. Mtoto alikuwa na kilo 10. Kwa kanuni ya Parkland, inayopanga maji ya dripu kwa aliyeungua, mililita 4 mara kilo mara asilimia, 14 inatoa mililita 560 kwa saa 24, na 25 inatoa 1,000. Mtoto wa kilo 10 ukimzidishia maji kiasi hicho, mapafu na uvimbe vitakujibu. (Vipo vitabu vinavyoanza na 3 kwa watoto badala ya 4. Afisa wa kliniki alichagua 4, nami nikafuata.)

Nusu ya maji hayo, 280, hutakiwa kuingia ndani ya saa nane za kwanza. Saa nane hizo huanza pale chai ilipomwagika. Kufika kwako hospitali hakuzianzishi upya. Nilipata mshipa mguuni kwa jaribio la tatu, saa tatu kasorobo. Kwa hiyo zilikuwa zimebaki saa sita na robo mpaka saa tisa usiku: 280 gawanya kwa hizo, kama mililita 45 kwa saa. Mashine ya kuhesabu dripu hatuna. Lakini seti ya watoto hutoa matone 60 kwa kila mililita, kwa hiyo mililita 45 kwa saa ni matone 45 kwa dakika, na hayo unaweza kuyahesabu kwa saa ya ukutani na tochi ya simu. Pembeni alipata dripu nyingine ya kawaida yenye sukari, 40 kwa saa, kwa sababu mtoto mdogo akikaa bila kula sukari yake hushuka.

Mara tu mshipa ulipopatikana, kabla ya dripu yoyote, alipata dawa ya maumivu: afisa wa kliniki alimpa morfini miligramu 1 kwenye mshipa, kidogo kidogo, mimi nikihesabu pumzi. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona wenzangu wakisafisha kidonda cha mtoto kwanza, wakisema atasahau. Hasahau. Akirudi siku ya pili na kuona koti jeupe, mwili wake wote unakwambia kwamba hajasahau.

Kina cha kidonda nilikitafuta kwa kidole chenye glavu. Kifua kilikuwa cha waridi, kina majimaji, kikibonyezwa kinageuka cheupe kisha rangi inarudi, na mtoto analia. Hicho hupona, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu. Lakini chini ya kwapa palikuwa na kipande kikubwa kidogo kuliko kiganja chake, cheupe, kikavu, na nilipokigusa hakushtuka. Pale mishipa ya fahamu ilikuwa imeungua pamoja na ngozi. Dani alifurahi kuona hapaumi. Ilinibidi nimweleze kwamba pale ndipo pabaya kuliko kwingine kote.

Kuna swali ambalo silipendi na sijawahi kuliacha. Nilimwomba anisimulie tena, taratibu, mtoto alikuwa wapi na stuli ilikuwa wapi. "Sista, unafikiri nilimchoma?" Nilimjibu, "Dani, namwuliza kila anayeleta mtoto." Nilikuwa tayari nimeangalia matako, nyayo na mgongo. Mtoto aliyetumbukizwa ndani ya maji moto huwa na mstari ulionyooka, kama soksi au glavu. Huyu alikuwa na michirizi iliyoanza pana shingoni na kifuani na kupungua ikishuka, kama chai inavyotiririka ikipoa. Simulizi na ngozi vilikubaliana. Nikaandika hivyo.

Mpira mdogo wa mkojo haukuwepo stoo. Nikaazima mizani ya jikoni kutoka idara ya lishe, nikapima nepi kavu, na kila saa nikapima iliyolowa: gramu moja ni mililita moja. Nilitaka 10 kwa saa, yaani 1 kwa kila kilo. Saa ya kwanza nepi ilikuwa kavu kabisa. Saa ya pili, gramu 6. Nilimwamsha afisa wa kliniki, tukapandisha matone kidogo, bila kufungua dripu ikimbie. Saa ya tatu, 9. Ya nne, 13, na nikarudi kwenye kiwango cha kwanza. Sijui kama kuna aliyewahi kufurahia nepi iliyolowa kama nilivyoifurahia ile. Saa tisa kamili usiku nikashusha matone hadi 17 au 18, ili nusu iliyobaki iende kwa saa 16.

Dani alitaka kujua kwa nini simdungi sindano ya kuzuia usaha. Kidonda kipya hakihitaji dawa za viuavijasumu. Kinahitaji usafi, na anayezitumia mapema huishia kulea vijidudu sugu. Kitabu cha kliniki kilionyesha chanjo zote za wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo pepopunda haikunitia wasiwasi. Sikumpaka ile krimu nyeupe yenye madini ya fedha pia. Wanaompokea kwenye hospitali ya rufaa wangelazimika kuikwangua ili waone kina. Nilifunika kwa shashi yenye vaselini, juu yake shuka safi kavu, na kichwa nikakiacha bila mto ili shingo ibaki imenyooka.

Ambulensi ilirudi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Barua ya rufaa ilianza na saa ya kuungua, kisha kilo, asilimia, maji yaliyoingia, mkojo wa kila saa, morfini na saa yake. Wakaondoka kwenda hospitali kuu ya rufaa pale Kisumu, ile wenyeji wanaiita Russia.

Barabara yetu hii ndiyo ile ya Malanga, ambako Julai 2021 lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota petroli na moto ukawakuta. Habari za namna hiyo hufika kila redio. Wagonjwa wangu wa kila wiki ni wa sufuria: chai, uji, maji ya kuoga yaliyowekwa sakafuni.

Walirudi kwetu baada ya wiki tatu, kifua kimefunga, kwapani amewekewa ngozi iliyotolewa pajani. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Nairobi. Kazi yetu sasa ilikuwa ya aina nyingine. Kwapa lililoungua hupenda kujifunga: mtoto huubana mkono ubavuni kwa sababu hapo ndipo haumi, na kovu likikomaa katika hali hiyo, mkono haupandi tena. Tulimfundisha mama kulaza mkono mbali na mwili juu ya shuka lililokunjwa, kusugua kovu kwa vaselini mara kadhaa kwa siku, kulifunika lisichomwe na jua. Kila alipokuja kubadilishwa bandeji alipewa parasetamoli nusu saa kabla, na shashi tuliilowesha kwa maji ya chumvi mpaka ikaachia yenyewe. Dani akawa anasaga omena na njugu anatia kwenye uji, na yai safari hii alilichemsha.

Mtaalamu wa mazoezi huja kwetu Jumanne peke yake. Siku nyingine nilitundika mpira wa nailoni kwenye fremu ya mlango, mtoto akawa anaupiga kwa mkono wa kushoto, na kila wiki nikauinua kidogo. Pembeni ya mlango nimechora kwa penseli alama mbili, za ncha za vidole vya kulia na vya kushoto anapojinyoosha. Mwanzoni zilipishana kwa kiganja kizima. Jumanne iliyopita zilipishana kwa vidole viwili vya mtoto, na dani akaomba penseli achore mwenyewe.