Siku ya Kuambulia Patupu Ziwani

Saa kumi alfajiri huwa nimekwisha kuamka, kwa sababu nyavu zilizolala majini usiku kucha hazimsubiri mtu. Samaki aliyenaswa tangu jioni huanza kulegea nyama kabla jua halijapanda, hasa maji yanapokuwa na joto, na humo ziwani wamo viumbe wanaomtafuna akiwa bado kwenye wavu. Leo nilikuwa na sababu ya ziada ya kuwahi: upepo uliokuwa ukivuma mfululizo kwa siku kadhaa kutoka nchi kavu kuelekea ziwani ulikuwa umelegea usiku, nami nilitaka kuziopoa nyavu kabla haujarejea.

Boti yetu ni ndogo. Ikishabeba watu wawili, nyavu, nanga, injini na dumu la petroli, ubao unaobaki juu ya maji ni wa shubiri mbili tu, kwa hiyo hakuna kinachopakiwa bila kufikiriwa. Mwenzangu, ambaye ni mdogo kwangu kiumri, alifua maji yaliyokuwa yamekusanyika ndani ya boti, nami nikakagua makasia, kamba ya nanga na majaketi ya kujiokolea. Mwisho nikatia mfukoni kipimajoto nilichokifunga kwenye mshipi wenye fundo kila baada ya mita moja. Wavuvi wengi huona kifaa hicho kuwa ni mzigo usio na kazi, lakini leo ndicho kilichonieleza kwa nini tulirudi kama tulivyorudi.

Saa kumi na moja tukasukuma boti majini. Uso wa ziwa ulikuwa shwari, wala hapakuwa na wimbi la kutikisa hata kasia.

"Kaka, ziwa limetulia kweli kweli. Leo tutajaza boti," mwenzangu akasema.

"Mungu akipenda, mdogo wangu. Tuzione nyavu kwanza."

Sikutaka kumkatisha tamaa, ila utulivu wa namna ile haunipi moyo. Upepo unapotoka nchi kavu, maji yaliyo karibu na ufukwe huo hubaki shwari hata ukivuma kwa nguvu, kwa kuwa mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Wimbi huongezeka kimo kadiri upepo unavyopita masafa marefu juu ya maji, na anayeyaona mawimbi hayo yakiwa yamekomaa ni mtu aliye ng'ambo. Kwa hiyo ushwari wa upande wetu haukutuambia lolote juu ya hali ya ziwa zima, na haukutuambia lolote kabisa juu ya yaliyokuwa yakitendeka chini.

Tulilifikia boya la kwanza kabla ya saa kumi na mbili, mwanga ukiwa ndio kwanza unaanza kupambazuka. Mwenzangu alishika makasia ili boti isipande juu ya wavu, nami nikainama kwenye omo, yaani mbele ya boti, nikaanza kuvuta. Wavu wetu ni wa kutega: kamba ya juu ina vielea, ya chini ina vipande vya risasi vya kuizamisha, na katikati yake nyuzi nyembamba husimama wima majini mahali ambapo samaki hawezi kuziona gizani. Samaki huingiza kichwa kwenye jicho la wavu, mwili ukakataa kupita, na anapojaribu kurudi nyuma uzi hujibana kwenye matamvua. Ndiyo maana ukubwa wa jicho huchagua ukubwa wa samaki. Ndiyo maana pia wavu wa aina hii haumfuati samaki alipo, bali hungoja apite mwenyewe. Akihama, umebaki kuoshwa na maji tu.

Mvuvi aliyezoea hujua kwa vidole, kabla hajaona chochote. Wavu wenye samaki hupiga: kamba ya juu hutetemeka mara mbili au tatu, ikatulia, kisha ikatetemeka tena, na uzito wake huja kwa vipande, pengine pazito pengine pepesi. Leo kamba ilikuja kwa uzito mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Niliona macho ya wavu yakipanda moja baada ya jingine, kila moja likiwa na utando wa maji uliopasuka lilipofika hewani, na ndani yake hamkuwa na gamba hata moja. Kamba ya chini ilipofika mkononi ilikuwa baridi kupita kiasi, na tope jeusi lililoshikamana na risasi lilinuka kama yai viza.

Wavu wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Katika wa tatu tulimpata kambare mmoja wa wastani, aliyejiviringisha hadi akazifanya nyuzi kuwa fundo moja kubwa. Kumtoa kambare wavuni ni kazi ya subira. Mapezi yake ya ubavuni yana miiba ambayo huisimamisha na kuikaza, na ukimvuta kwa nguvu utachana wavu au utachana kiganja. Nilimlaza juu ya ubao, nikaukandamiza kila mwiba kuelekea mwilini, nikatoa nyuzi moja moja huku yeye akiendelea kufumbua na kufumba kinywa bila dalili yoyote ya kuchoka. Huyo ndiye samaki pekee tuliyempata katika nyavu zote.

Kupatikana kambare peke yake si jambo la bahati nasibu. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, kwa hiyo huweza kuishi mahali ambapo samaki wengine wangekosa pumzi. Perege hana uwezo huo, na perege ndiye tuliyemtegea. Hapo nikaanza kushuku kwamba tatizo halikuwa kwenye nyavu wala mahali tulipozitega, bali kwenye maji yenyewe.

Saa moja tukatia nanga na nikashusha kipimajoto. Kwa kawaida, katika msimu huu, uso wa maji huwa na nyuzi 26 za Selsiasi, na joto hilo hubaki karibu lile lile hadi chini ya nyavu zetu. Leo juu palikuwa na nyuzi 23, na kwenye fundo la sita nilisoma 22. Nilirudia mara ya pili ili nijiridhishe. Maji tuliyokuwa tukielea juu yake hayakuwa maji ya jana.

Hili linahitaji maelezo, na ningependa kila anayevua kwa boti ndogo alifahamu. Maji ya ziwa hayakai yamechanganyika. Jua hupasha ya juu, nayo huwa mepesi na kuelea juu ya maji baridi ya chini, na kati yake hubaki mpaka mwembamba ambapo joto hushuka ghafla. Katika maziwa ya nchi za joto tofauti ya nyuzi moja au mbili inatosha kuyatenga matabaka hayo, kwa sababu badiliko la uzito kati ya nyuzi 24 na 25 ni zaidi ya mara ishirini ya lile lililo kati ya nyuzi 4 na 5. Maji ya juu hugusana na hewa na kupata oksijeni. Ya chini yamefungiwa, huku mabaki ya mimea na wadudu yanayozama humo yakioza na kuimaliza oksijeni iliyopo. Watu hudhani kwamba maji baridi siku zote yana pumzi nyingi zaidi, na ni kweli kwamba yana uwezo wa kubeba zaidi: kwenye nyuzi 20 maji yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na kwenye nyuzi 30 hubeba takriban 7.5. Lakini uwezo wa kubeba si sawa na kuwa nacho, na maji ya vilindini huwa hayajaonana na hewa kwa miezi.

Sasa upepo ukivuma upande mmoja kwa siku nyingi, huyasukuma maji ya juu hadi ng'ambo, nayo hulundikana kule. Upande unaotoka upepo, tabaka la juu hukonda, na maji ya chini hupanda kujaza nafasi. Jambo hili linajulikana vyema katika Ziwa Tanganyika, ambako pepo za kusi za kuanzia Mei hadi Septemba husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi ya vilindini hupanda upande wa kusini. Katika ziwa kubwa kama lile maji yanayopanda huleta pia virutubisho ambavyo baadaye hulisha samaki wengi. Lakini siku yanapofika mahali ulipotega, yakiwa na ubaridi wake na uhaba wake wa pumzi, samaki wenye uwezo wa kuondoka huwa wamekwisha kuondoka.

Saa mbili na nusu tulipita kandokando ya matete, na huko nikaona uthibitisho ambao sikuufurahia. Samaki wachanga, wengine wasiozidi urefu wa kidole, walikuwa wamebanana kwenye maji ya kufika magotini, vinywa vikigusa uso wa maji, wakitafuta ile ngozi nyembamba ya juu ambayo bado ina oksijeni. Mtu mwenye wavu wa macho madogo angewazoa kwa ndoo. Mwenzangu aliwatazama, akanitazama, wala hakusema neno, nami nilimshukuru moyoni kwa kutosema. Samaki hao ni wa msimu ujao, na kuwavua wakiwa wamezidiwa hivyo ni kulimaliza ziwa kwa mikono yetu wenyewe. Tulizima injini na kupita kwa makasia ili tusiwatimue kuelekea kwenye maji mabaya.

Kuanzia saa tatu hadi saa tano tulijaribu mishipi ya ndoana kwenye mwamba ulio mbali kidogo na ufukwe. Chambo kilipanda kama kilivyoshuka.

Saa sita ndipo palipozuka mjadala wa siku. Upepo ulikuwa umeanza kurejea, ukitoka upande ule ule wa nchi kavu, na sote wawili tulijua kwamba kama maji ya joto yamelundikana ng'ambo, basi samaki nao wako ng'ambo.

"Kaka, petroli ipo ya kutosha. Tukikaza, saa moja tu tumefika."

"Kwenda kunawezekana, upepo unatusukuma. Kurudi je?"

Alinyamaza akiwaza, kisha akasema kwamba tungeweza kungoja huko hadi upepo utulie. Lilikuwa wazo la mtu anayejali kazi yake, na nililijibu kwa uzito uliostahili. Ng'ambo ndiko mawimbi yanakofika yakiwa yamekua. Boti inayokimbia na upepo hupokea mawimbi kwenye shetri, yaani nyuma, na shetri ya boti yetu ndipo palipo chini zaidi, kwa sababu injini imefungwa hapo. Wimbi moja likivunjikia ndani, boti huwa nzito, wimbi linalofuata huingia kwa urahisi zaidi, na ndoo ya kufulia maji haiwezi kushindana na mwendo huo. Wakati wa kurudi tungepigwa kwenye omo kwa njia yote, huku petroli ikiisha mara mbili ya ilivyotumika kwenda. Mwenye boti kubwa anaweza kuwafuata samaki waliohama. Sisi tunaweza kujua walipo, tena kwa uhakika wa kutosha, na bado tukashindwa kuwafuata. Hili ndilo lililonichoma leo kuliko wavu mtupu, na nimelikataa si kwa woga bali kwa hesabu.

Tulirudi tukiambaa na ufukwe, tukafika saa nane na nusu na kambare wetu mmoja. Watu waliotuona walisema ziwa limeisha samaki. Uvuvi uliopita kiasi ni jambo la kweli na linaumiza maziwa mengi, lakini siku moja ya kukosa si ushahidi wake, kama ambavyo siku moja ya kujaza boti si ushahidi kwamba samaki ni tele. Wengine walitupa pole kwa bahati mbaya. Niliipokea pole, lakini neno bahati halinitoshi mtu ambaye kipimajoto chake kimeshuka kwa nyuzi tatu.

Saa tisa hadi saa kumi na mbili zilikuwa za nyavu. Tuliziosha tope, tukazianika, mwenzangu akaziba matobo aliyoyaacha kambare, nami nikaandika daftarini: mwelekeo wa upepo, nyuzi za joto kwa kila fundo, mahali tulipotega na tulichopata. Upepo unapokoma, matabaka ya maji hayarudi mahali pake mara moja. Msomi wa Uswisi, François-Alphonse Forel, aliyelichunguza Ziwa Geneva katika karne ya 19, alionyesha namna maji ya ziwa yanavyoyumba kwenda na kurudi baada ya kusukumwa. Matabaka ya chini nayo huyumba, tena polepole zaidi, kwa saa nyingi au hata siku kadhaa. Kwa sababu hiyo hatukutega jioni ya leo. Alfajiri tutashusha kipimajoto kwanza, na nyavu zitaingia majini ikiwa tu fundo la sita litasoma angalau nyuzi 25. Lisiposoma hivyo, mwenzangu ameshauri twende mlangoni mwa mto, ambako maji yanayoingia yamepigwa na mawe njia nzima na yana hewa ya kutosha, na nimekubaliana naye.