Karo Tulilipa, Mtoto Akarudishwa Getini

Februari 2023, binti wa kwanza tuliyemfadhili alirudishwa kutoka getini siku ya kuripoti kidato cha kwanza. Karo ya muhula tulikuwa tumelipa, na stakabadhi ya benki alikuwa nayo mkononi. Alichokosa ni godoro, sanduku la bati, kamusi, atlasi na viatu vyeusi. Akapanda matatu na mamake wakarudi Bamba. Alikaa nyumbani siku tisa.

Tuko tisa kwenye mfuko wetu wa kusomesha watoto, wote wazaliwa wa Ganze, kaunti ya Kilifi, na wote tunafanya kazi Mombasa. Hakuna tajiri kati yetu: kuna wauguzi, fundi umeme, dereva, walimu. Mimi nilisomeshwa sekondari na mfadhili ambaye sikuwahi kumwona uso. Ukame wa 2022 ulipokaza na mifugo ikaanza kufa, niliogopa. Huko kwetu mbuzi ndiye benki. Karo ya mtoto hutoka zizini. Zizi likiwa tupu, mtoto aliyefaulu KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi hadi 2023, anabaki kuchoma makaa.

Tukakubaliana shilingi 1,500 kila mtu kwa mwezi. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba ni pesa ndogo mno, haziwezi kubadilisha kitu. Nikamweleza habari za Chris Mburu wa Kiambu. Karo yake ililipwa na Hilde Back, mwalimu wa kawaida huko Uswidi, mwanamke aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa bado mtoto. Mburu akawa wakili wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2001 akaanzisha mfuko wa kusomesha watoto akaupa jina la mama huyo. Mwenzetu akanyamaza, kisha akatuma mchango wake wa kwanza usiku uleule.

Kwa watu tisa, hiyo ni 13,500 kwa mwezi, yaani 162,000 kwa mwaka. Karo iliyowekwa na serikali kwa shule ya bweni kama hizi za kwetu wakati huo ilikuwa 40,535 kwa mwaka. Kwa hesabu ya karatasini tungeweza kubeba watoto watatu na pesa zikabaki. Lakini karo hailipwi kwa mafungu sawa. Muhula wa kwanza unabeba asilimia 50, wa pili 30, wa tatu 20. Zaidi ya elfu 20 zinatakiwa mwanzoni, wiki ileile ambayo mzazi anatakiwa kununua kila kilichoandikwa kwenye barua ya kujiunga. Mzigo wote unamwangukia mtu kwa siku chache, halafu tunashangaa kwa nini watoto hupotelea hapo.

Na kosa la zile siku tisa lilikuwa letu. Pesa zilikuwepo. Tulikuwa tumejiwekea sheria kwamba kila shilingi ipitishwe na kikao, na kikao kilikuwa mwisho wa mwezi. Mama wa yule binti alinipigia simu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mmetusaidia sana, hili la godoro tutatafuta wenyewe." Alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi wake wa mwisho. Sikulala. Kesho yake nilipigia wenzangu mmoja baada ya mwingine mpaka wakakubali, lakini kununua na kusafirisha vitu kukachukua siku nyingine.

Tangu hapo mweka hazina ana ruhusa ya kutumia hadi shilingi 15,000 kwa kila mtoto anayejiunga, bila kusubiri kikao. Barua ya kujiunga ikitoka tu, tunapigiwa picha yake na kutumiwa kwa simu. Nguo na ndoo tunanunua sokoni Kongowea, Mombasa, godoro tunanunua karibu na shule ili tusilipie mzigo. Sodo za muhula mzima zinawekwa ndani ya sanduku, na nauli ya kurudi nyumbani siku ya kufunga tunamtumia mzazi wiki hiyohiyo. Karo inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hatumpi mzazi pesa za karo mkononi. Si kwa kumshuku, ila mgonjwa akitokea nyumbani, mzazi gani ataziacha zikae?

Kuchagua ndiko kunakoniumiza zaidi. Barua ya chifu haitoshi, kwa sababu kila mtu anayo. Tunakwenda wenyewe hadi nyumbani, na kabla ya kufika tunauliza watu watatu wasiohusiana: mwalimu wa darasa, mzee wa kijiji, na mama anayeuza viazi karibu na shule. Huyu wa viazi anajua mtoto gani hupita kila siku bila kununua kitu. Alama tunaziangalia, lakini aliyepata 310 kati ya 500 za KCPE akisomea chini ya taa ya jirani, mimi nilimhesabu kuwa amefaulu sana.

Januari 2024 tulipeleka wengine wawili. Nilikuwa darasani simu ilipoingia, nikatoka nje kuipokea. "Dada, wamefungua sanduku wakaangalia kila kitu," yule mdogo akasema, "sasa wananionyesha kitanda changu."