Disney World na ukoo mzima: nilivyopanga safari yenye watoto wadogo

Kabla ya kugusa suala la tiketi, niliagiza kila mzazi katika ukoo ampime mtoto wake urefu, akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo. Walt Disney World, eneo la bustani za michezo lililoko karibu na Orlando, Florida, lina kipimo kwenye mlango wa kila mchezo wenye kasi. Mtoto asiyefika hapandi, hata kama amesimama foleni saa nzima na mama yake yuko pembeni. Ukiwa na orodha ya sentimita za watoto wote mkononi, unajua nani atakuwa na nani siku hiyo. Ukoo mkubwa ndani ya bustani hugawanywa kwa urefu wa watoto. Kuwagawa kwa familia walizotoka ni kuwapa wazazi wa watoto wadogo kazi ya kukaa benchi kutwa.

Hivi ndivyo viwango nilivyoviandika. Sentimita 89 kwa Barnstormer, treni ndogo ya mwendo kasi inayomfaa anayeanza. Sentimita 97 kwa Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash. Sentimita 102 kwa Soarin', Test Track na Tiana's Bayou Adventure. Sentimita 112 kwa Space Mountain, Expedition Everest na Avatar Flight of Passage. TRON inataka 122. Aliye chini ya 89 asionewe huruma, kwa sababu Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, ina michezo mingi isiyo na kipimo kabisa: Dumbo, Peter Pan's Flight, Winnie the Pooh, farasi wa kuzunguka, boti za "it's a small world", na Jungle Cruise. Foleni ya Dumbo ina ukumbi wa kuchezea ndani, wenye kiyoyozi, na jua la saa sita likiwa kali ukumbi huo una thamani kuliko mchezo wenyewe.

Kuna kanuni nyingine ya kuzingatia unapogawa makundi. Mtoto aliye chini ya miaka 7 lazima apande na mtu wa miaka 14 au zaidi. Binamu wa miaka 12, hata awe mwerevu kiasi gani, hawezi kumsindikiza mdogo wake wa miaka 5. Kwa hiyo hesabu watu wazima kwanza, kisha watoto.

Kwa wazazi wenye mtoto asiyefikia kipimo kuna utaratibu uitwao Rider Switch, na haulipiwi. Mnafika wote mlangoni na mtoto mkiwa naye, mnamwambia mfanyakazi. Mzazi mmoja anapanga foleni na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo. Wa kwanza wakitoka, aliyebaki anaingia kwa njia ya haraka bila kupanga foleni upya. Msipomwambia mfanyakazi kabla ya kundi la kwanza kuingia, nafasi hiyo mmeikosa.

Tiketi sasa. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure. Kuanzia 3 hadi 9 ana bei ya mtoto, na kuanzia 10 analipa bei ya mtu mzima. Bei hubadilika kulingana na tarehe, kwa hiyo nilikubaliana na ukoo juu ya tarehe kabla ya jambo lingine lolote. Kila familia ilinunua tiketi zake yenyewe, lakini zote ziliunganishwa kwenye programu ya simu ya Disney kwa sehemu ya ndugu na marafiki, ili mtu mmoja aweze kuwapangia wote. Bila kuunganisha, kila mzazi atahangaika peke yake na simu yake asubuhi.

Kuna pia huduma ya kulipia ya kukwepa foleni ndefu, Lightning Lane Multi Pass, iliyoanza mwaka 2024. Anayelala katika hoteli za Disney huanza kuchagua siku 7 kabla ya kufika. Asiyelala humo huanza siku 3 kabla ya siku ya kuingia bustani, saa 1 asubuhi kwa saa za Florida. Unachagua michezo mitatu, na ukishatumia mmoja unaongeza mwingine. Inanunuliwa kwa kichwa, na hapo ndipo familia kubwa hupoteza pesa kwa kuwanunulia wote. Bibi asiyepanda treni za kasi haihitaji. Mimi huinunua kwa ajili ya wale tu waliozidi sentimita 97 na mtu mzima wao, na kwa siku ya Magic Kingdom peke yake.

Bustani kuu ziko nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Wenye watoto wengi walio chini ya miaka 6 nawashauri wape Magic Kingdom siku mbili, Animal Kingdom siku moja, na katikati waweke siku nzima ya kutofanya chochote. Mbili zilizobaki zinaweza kusubiri watoto wakue. Siku ya mapumziko msiifute, hata mjomba akilalamika kwamba anapoteza muda. Watoto wadogo hutembea kilomita nyingi humo, na usipowapumzisha kwa hiari, siku inayofuata watalia tangu mlangoni.

Animal Kingdom ina mvuto wa pekee kwa wazee wetu wa Pwani. Eneo lake la Afrika ni mji wa kubuni unaoitwa Harambe, na wabunifu wake walichukua mfano wa Lamu. Wapeleke asubuhi mapema moja kwa moja kwenye Kilimanjaro Safaris, lori la wazi linalopita kati ya twiga, tembo, simba na vifaru kwa kama dakika 18. Hakuna kipimo cha urefu, kwa hiyo ukoo mzima unapanda pamoja, kuanzia kichanga hadi babu. Asubuhi wanyama hutembeatembea, ila jua likishapanda hujificha vivulini. Baadaye, joto linapokaza, ingieni Festival of the Lion King: onyesho la nusu saa, ndani, kwenye viti, na kiyoyozi. Hii ndiyo bustani ninayoipenda zaidi kwa safari ya vizazi vitatu, kwa sababu safari hiyo ya wanyama na onyesho hilo havimwachi mtu nje.

Kuhusu malazi, chumba cha kawaida cha hoteli huchukua watu 4, na ukoo ukitawanyika vyumbani hakuna anayejua nani amekula. Nilichagua nyumba ya kupangisha upande wa Kissimmee, mji ulio jirani, yenye vyumba vingi, jiko na mashine ya kufulia. Nyumba hizi nyingi zina bwawa la kuogelea nyuma, na hilo ndilo jambo la hatari kuliko treni zote za Disney. Siku ya kwanza, kabla ya mizigo kushushwa, kagua uzio wa wavu kuzunguka bwawa na kengele ya mlango unaoelekea huko. Kengele ile hupiga kelele kila mlango unapofunguliwa, na daima atatokea mtu mzima anayetaka kuizima. Isizimwe. Panga zamu ya mlinzi wa bwawa, mtu mmoja kwa jina, bila simu mkononi. Wakisema "sote tunaangalia", hakuna anayeangalia.

Jiko linaokoa pesa nyingi. Kwa watu 12, watoto wakiwemo, kilo moja na nusu ya mchele wa pilau inatosha chakula cha jioni na kubaki kidogo. Chapati zipikwe siku ya kufika na zigandishwe. Disney inaruhusu kuingia na chakula chako, mradi hakuna chupa za glasi, na begi lisizidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Barafu ya vipande hairuhusiwi, kwa hiyo tumia zile pakiti za jeli zilizogandishwa, ambazo pia zinatunza insulini ya mzee, mradi isigusane nazo moja kwa moja ikaganda. Maji msinunue: migahawa ya kaunta hutoa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba.

Gari moja kubwa la watu 15 linaonekana rahisi, lakini magari mawili ya viti 7 ni bora, kwa kuwa wazee na wenye vichanga wanaweza kuondoka mapema. Sheria ya Florida inataka mtoto hadi miaka 3 awe na kiti chake maalumu cha gari. Wa miaka 4 na 5 anaweza kutumia kiti cha kumwinua badala yake. Mje navyo kutoka nyumbani, maana mashirika mengi ya ndege ya Marekani huvipokea bila malipo.

Siku ya Magic Kingdom, kumbukeni kwamba maegesho hayako mlangoni. Unaegesha kwenye kituo cha usafiri, unapita ukaguzi, kisha unavuka ziwa kwa kivuko au treni ya juu. Fikeni maegesho saa moja kabla ya bustani kufunguliwa. Kivuko ni rahisi zaidi kwa wenye vigari vya watoto, kwa kuwa mnavisukuma ndani bila kuvikunja. Kigari kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na mikokoteni ya kuvuta hairuhusiwi. Fungeni kipande cha kitenge kwenye mpini: wafanyakazi huvihamisha vigari mkiwa ndani ya mchezo, na vyote vinafanana.

Kwa sababu ya safari hiyo ya kivuko, sipendekezi kurudi nyumbani mchana kutoka Magic Kingdom. Watoto walale humohumo. Carousel of Progress, ikiwa wazi, ni onyesho la dakika kama 20 kwenye ukumbi wa giza na baridi, na kituo cha watoto karibu na mgahawa wa Crystal Palace kina meza za kubadilishia nepi, vyumba vya kunyonyeshea na mikrowevu. Hapo pia ndipo hupelekwa mtoto aliyepotea. Kila asubuhi piga picha ya watoto wakiwa na nguo za siku hiyo, na uwavalishe bangili yenye namba ya simu ya Marekani. Laini ya nyumbani Tanzania au Kenya isiyoshika mtandao haitamsaidia mtu.

Kuanzia Juni hadi Septemba radi hupiga karibu kila alasiri, na michezo ya nje husimama. Mwenye makoti ya mvua begini, yaliyonunuliwa kabla kwa bei ya dukani, anahamia michezo ya ndani na kuendelea. Foleni za Dumbo na wenzake hupungua mara tu mvua inapokatika, kwa kuwa wengi watakuwa wameshakimbilia maegesho.

Fedha za pamoja zikae kwa mhazini mmoja. Nyumba, magari na chakula viligawanywa kwa vichwa, wasiotimiza miaka 3 hawakuhesabiwa, na bibi na babu walilipiwa na watoto wao. Hayo yaandikwe na kukubaliwa kabla mtu hajakata tiketi ya ndege.

Fataki zikiisha, umati wote huelekea kivukoni kwa pamoja. Bakini Main Street, mtaa wa maduka wa kuingilia bustani, nusu saa, maduka huwa bado wazi, wabadilisheni watoto nguo za kulalia hapohapo, kisha mwondoke. Na asubuhi ile mlipoegesha, awepo mtu aliyepiga picha ya jina la eneo na namba ya mstari wa gari.