Kutoka 44,100 hadi 48,000

Kwaya ilikuwa imerekodi kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kiwango cha CD, na mtengeneza video wao pale Kirumba, Mwanza, alifanya kazi kwa 48,000. Sauti ilimfikia kama faili ghafi, namba tupu zisizo na kichwa cha kutaja kiwango, naye akaifungua kama 48,000. Wimbo wa dakika 4 ukaisha sekunde 19.5 mapema, na besi wakapanda karibu nusutoni moja na nusu. Akauvuta urefu, midomo ikalingana, besi wakabaki juu vilevile, maana kuvuta muda kwa namna ile hakugusi kimo cha sauti.

Dawa ni kubadili kiwango chenyewe. "Mdogo wangu, tafuta kwanza KKS, kigawo kikubwa cha shirika, ya 44,100 na 48,000," nilimwambia kijana wa studio. Akapata 300. Basi uwiano ni 160 kwa 147 kamili, hakuna kukadiria. Kila baada ya sampuli moja unaweka sifuri 159, unachuja, kisha katika kila sampuli 147 unabakiza moja. Uzito wote uko kwenye kichujio, hesabu inayopitisha masafa fulani na kuzuia mengine. Kinakaa kwenye kiwango cha kati, hezi 7,056,000, lakini lazima kizibe kuanzia 22,050, la sivyo zile sifuri zinazaa vivuli vya masafa, yaani nakala za sauti kwenye masafa ambayo hayakuwepo. Tulitaka hezi 20,000 zipite salama na vivuli vishuke desibeli 80. Hiyo ilidai vizidishi 17,600, yaani namba za kichujio zinazozidishwa na sampuli kisha kujumlishwa.

"Kaka, 17,600 kwa kila sampuli? Kompyuta hii itakesha."

Isingekesha, kwa sababu karibu vyote vinazidisha sifuri. Tulivigawa makundi 160 yenye vizidishi 110 kila moja. Sampuli ya n inayotoka hutumia kundi moja tu, ambalo namba yake ni baki la 147n ukigawanya kwa 160.

Vizidishi vyenyewe tulivikuza mara 160. Ukiacha hilo sauti inashuka desibeli 44, na ukishahifadhi kwa biti 16, zaidi ya biti 7 zimepotea. Kupandisha volyumu baadaye kunapandisha mikwaruzo tu.

Ziliingia sampuli 10,584,000, zikatoka 11,520,000 baada ya kukata ucheleweshaji wa kichujio, kama milisekunde 1.25. Tulichosikiliza kwa makini ni kayamba, kwa kuwa kichujio kibovu huharibu mlio wake wa juu kabla hakijagusa sauti za waimbaji.