Kumbukumbu ya mradi: laptopu nyepesi iliyotumika, prosesa kwanza, diski baadaye

Lengo ni laptopu isiyozidi kilo 1.4, inayobeba kivinjari chenye vichupo vingi, LibreOffice, kuandika programu na kuhariri picha kidogo, na isiyomfunga mtu kwenye soketi ya ukutani. Bajeti ni ya mashine zilizotumika, zile za maofisi ya Ulaya zinazojaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Mezani zimebaki tatu, zote za 2018: HP EliteBook 830 G5, ThinkPad X280 na ThinkPad T480s.

Kwenye laptopu hizi prosesa imechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu). Ukinunua i3, utakufa nayo, maana kubadilisha bodi nzima kunakaribia bei ya laptopu nyingine. SSD, yaani diski isiyozunguka, inatoka kwa skrubu moja. Ndiyo maana mashine inachaguliwa kwa prosesa na RAM, na diski iliyomo ndani haihesabiwi hata kidogo, iwe muuzaji ameisifu vipi.

Prosesa: imeamuliwa

Kibandiko cha "Core i5" pembeni ya kibodi hakisemi kitu. Soma namba nzima. i5-7200U na i5-7300U za kizazi cha 7 zina viini 2 (vitengo vya kuchakata) na nyuzi 4 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja). i5-8250U na i5-8350U za kizazi cha 8 zina viini 4 na nyuzi 8, kwa kiwango kilekile cha wati 15. Hakuna mruko mwingine mkubwa hivyo kwa bei hii. Hata i7-7500U, ambayo dukani bado inauzwa ghali kwa sababu ya hiyo "i7", ni ya viini 2 na inaachwa nyuma na i5-8250U kwenye kazi yoyote inayotumia nyuzi nyingi.

Kuna mitego ndani ya kizazi cha 8 chenyewe. i3-8130U ina viini 2. Herufi Y mwishoni ni prosesa ya umeme mdogo sana: MacBook Air ya 2018 ina i5-8210Y ya viini 2 na wati 7, na SSD yake imechomelewa juu ya bodi. Ni nyepesi kweli, lakini kwa mradi huu haifai.

Je, kuongeza hela kwa ajili ya i7-8550U au i7-8650U? Hapana. Nazo zina viini 4 na wati 15 zilezile. Kinachoongezeka ni kache (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 8 badala ya 6 na kilele cha GHz 4.0 au 4.2 dhidi ya 3.4 ya i5-8250U. Kilele hicho hudumu sekunde chache, kisha ukomo wa wati na joto la kasha jembamba huzirudisha zote karibu mahali pamoja. Ukikuta i7 kwa bei ya i5, chukua. Kinyume chake, tofauti ya bei ikanunue RAM.

Sababu ya pili ya kizazi cha 8 ni Windows 11, kwa kuwa orodha rasmi ya Intel kwa mfumo huo inaanzia hapo, ukiacha vighairi vichache. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetumia Linux hana haja ya kujali hili, ila siku ya kuuza mashine mnunuzi atajali.

Kama bajeti ingepanda, tungeenda EliteBook 835 G7 yenye Ryzen 5 PRO 4650U: viini 6, nyuzi 12, na sloti mbili za RAM.

RAM ndiyo iliyochagua mashine

X280 ndiyo nyepesi kuliko zote, kilo 1.2 hivi, lakini RAM yake yote imechomelewa. Ya GB 8 itabaki GB 8. T480s ina sehemu iliyochomelewa na sloti moja. 830 G5 inaanzia kilo 1.33 na ina sloti mbili za DDR4, kwa hiyo imeshinda. Mpango ni GB 8 mara mbili, wala si kipande kimoja cha GB 16. Grafiki ya UHD 620, iliyo ndani ya prosesa hizi, haina kumbukumbu yake, inakula RAM ya mashine, na vipande viwili hufungua njia mbili za data kwa pamoja. Vipande vya kasi ya 3200 vinaingia bila shida, vitatembea kwa 2400.

Diski: hapa ndipo kazi ilipo

Sloti ya 830 G5 ni M.2 (umbo la diski la bamba jembamba) ya 2280, yaani upana milimita 22 na urefu 80. Baadhi zilitoka kiwandani na M.2 ya SATA (njia ya zamani ya data; mpya na ya haraka ni NVMe), na muuzaji anaposema "ina SSD ya M.2" anakuwa hajasema lolote kuhusu kasi. Tazama meno ya dhahabu: yenye mikato miwili kwa kawaida ni SATA, yenye mkato mmoja kwa kawaida ni NVMe. Kwa uhakika soma lebo, kwa sababu zipo NVMe za zamani zenye mikato miwili.

SATA inaishia karibu MB 550 kwa sekunde. NVMe ya PCIe 3.0 (barabara ya data ya NVMe, kizazi cha tatu) yenye njia nne hufika karibu MB 3,500. Namba ya pili inavutia, lakini haihusiani sana na kazi za kila siku. Kufungua programu ni kusoma vipande vidogo vya KB 4 kimojakimoja, na hapo SATA nzuri hutoa kama MB 30 hadi 40, NVMe nzuri 50 hadi 80. Tofauti ipo, ila si mara sita. Wala usilipie PCIe 4.0 kwa mashine hii: itafanya kazi, lakini kwa kasi ya 3.0.

Kwenye laptopu nyepesi tunaangalia mambo mengine. La kwanza ni aina ya seli. TLC huhifadhi biti 3 kwa seli, QLC biti 4. QLC ikiwa na nafasi tupu huonekana sawa kabisa na TLC, kwa sababu sehemu ya seli hutumika kwa muda kama akiba ya haraka. Nakili faili la GB 100 diski ikiwa imejaa robo tatu, ndipo utakapoona kasi ikianguka hadi chini ya ile ya SATA, wakati mwingine chini ya diski ya kuzunguka. Uvumilivu wa kuandikwa nao unaonyesha tofauti: WD Blue SN570 ya GB 500, ambayo ni TLC, imepewa TB 300 za kuandikwa, Crucial P3 ya GB 500, ambayo ni QLC, TB 110. Kingston NV2 ya GB 500 ina TB 160, na Kingston hawaahidi chipu zilezile kwenye kila toleo, kwa hiyo mapitio uliyosoma huenda hayahusu diski utakayopewa.

La pili ni umeme. SSD isiyolala vizuri huzuia prosesa nayo isilale, na saa ya betri inapotea bila kuonekana mhalifu. SK hynix Gold P31 imejijengea jina hapa: TLC, RAM yake yenyewe kwa ajili ya ramani ya data, na matumizi madogo ya umeme. Ndiyo chaguo la kwanza ikipatikana, ya TB 1. SN570 ni ya pili. Haina RAM yake, inaazima kiasi kidogo kutoka RAM ya laptopu, jambo ambalo kwa matumizi haya halina ubaya.

La tatu ni unene. Chukua yenye chipu upande mmoja tu. Kipoza joto cha chuma kinachouzwa pamoja na diski za kompyuta za mezani kisahau: kifuniko hakitafunga, au kitafunga huku kikiikandamiza diski.

TB 1 itaonekana GB 931 ndani ya Windows. Hujaibiwa, ni namna mbili za kuhesabu. Kuibiwa ni ile "TB 2" ya bei ya kutupa iliyopangwa idanganye ukubwa wake. Ijaze yote kwa H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux kabla ya siku za kurudisha kwisha.

Ukaguzi dukani

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye utendaji wa prosesa: lazima uone viini 4 na nyuzi 8. Zima, washa huku ukibonyeza F10. BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) ikiomba nenosiri ambalo muuzaji hana, iache hapohapo, kwani kwenye HP za ofisi hilo halitoki kirahisi. Kisha omba mashine isanidiwe upya ikiwa kwenye intaneti. Ikidai barua pepe ya kampuni fulani, bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani, na SSD mpya haitaiondoa kwenye usajili huo.

Betri: `powercfg /batteryreport`, linganisha uwezo wa kiwandani na wa sasa. Ya 830 G5 ni SS03XL, karibu Wh 50. Chini ya 35, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine. Na tazama kioo ukiwa pembeni. Baadhi ya 830 G5 zina skrini ya faragha ya Sure View, ambayo ikiwashwa hufifia ukiitazama kwa pembe. Wengine huikataa wakidhani kioo kimekufa.

Diski iliyomo isomwe kwa programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows au `smartctl -a /dev/nvme0` kwenye Linux. Mstari wa Data Units Written unahesabiwa kwa vipande vya baiti 512,000, kwa hiyo 20,000,000 ni kama TB 10. Media and Data Integrity Errors iwe sifuri.

Kufunga

Zima kabisa, chomoa chaja. Skrubu za kifuniko cha chini hulegea tu, hazitoki, usizilazimishe. Nyanyua kwa kadi ya plastiki kuanzia upande wa bawaba. Chomoa betri kabla ya kugusa chochote. Toa skrubu ya SSD na diski itainuka yenyewe kwa mshazari. Mpya iingie kwa mshazari huohuo hadi meno yasionekane, ndipo uilaze na kufunga. Ikiinuka sana au meno yakibaki nje, haijaingia, na BIOS haitaiona.

Kunakili mfumo wa zamani tumeuacha. Leseni ya Windows imefungwa na mazabodi, itajiwasha yenyewe baada ya usakinishaji mpya kutoka flashi, F9 kuchagua pa kuwakia. Anayelazimika kunakili atumie Clonezilla na kasha la USB la NVMe (la SATA halitaisoma), asimamishe BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) kwanza, na awe na ufunguo wa urejeshaji nje ya mashine.

Kisakinishi cha Linux kisipoiona diski, angalia BIOS kama hifadhi imewekwa RAID, ibadilishe iwe AHCI.

Baada ya kuwasha pima kasi ya kusoma mfululizo. Karibu 3,000 na zaidi ni sawa. Ikiganda karibu 1,700, diski inapata njia mbili tu. ThinkPad T480 ina tabia hiyo kwa muundo wa trei yake, lakini 830 G5 haipaswi. Ikiganda 550, umeuziwa SATA. Kisha hakikisha TRIM, yaani kuiarifu diski nafasi zilizofutwa, imewashwa. Windows: `fsutil behavior query DisableDeleteNotify` ijibu 0. Linux: `systemctl enable --now fstrim.timer`.

Hitilafu moja ya kuifahamu mapema ni faili zote kugeuka za kusomwa tu ghafla, kisha diski kutoweka hadi uzime na kuwasha. Kwenye Linux mara nyingi ni diski inayoshindwa kuamka kutoka usingizi mzito. Ongeza `nvme_core.default_ps_max_latency_us=5500` kwenye vigezo vya kernel; ikiendelea, weka 0 na ukubali betri ipungue kidogo. Kabla ya kuilaumu diski, toa na urudishe kwenye sloti, na usasishe BIOS.

Kilichobaki

Kipande cha pili cha RAM, na pesti mpya ya joto kwenye prosesa, kwa sababu ya 2018 imeshakauka. Diski ya zamani ya GB 256 inaingia kwenye kasha la USB kuwa nakala rudufu, baada ya kufutwa. Kama ni NVMe, isifutwe ikiwa ndani ya kasha: iwekwe ndani ya laptopu, iwashwe kwa Linux ya flashi, halafu `nvme format /dev/nvme0n1 -s 1`. Hakikisha jina la diski kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza Enter, amri hiyo haiulizi mara mbili.