Nyuki wa shimo la 14

Jana jioni mtoto wa dada yangu kaja mbio kutoka nje, vidole vumbi tupu, gololi yake imeingia chini ya tofali na hapo kwenye tofali siafu wamepanga foleni. "Mjomba, si ulikuwaga kedi wewe, unawabebea wacheza gofu begi la fimbo, eti nikiwaogopa siafu naruhusiwa kuisogeza bure?" Nyuma yake mwenzie kasimama kanuna, anasema hata siafu wasingekuwepo, chini ya tofali ungeipigaje? Nikabaki namwangalia huyo mwenzie. Sijawahi kusikia mtu akiieleza ile kanuni kwa ufupi namna ile, na meno ya mbele hana.

Nikawakumbuka wale nyuki.

Ilikuwa 2019, mwaka ule kanuni mpya za gofu zilianza Januari, muda wa kutafuta mpira ukashuka toka dakika 5 mpaka 3, na dropu, yaani kuuachia mpira udondoke toka mkononi ili uendelee kucheza, badala ya kuachia usawa wa bega ikawa usawa wa goti, wazee wakalalamika kila shimo kwamba wanainamishwa kama watu wanaochimba dawa. Mimi nilikuwa na kale kakitabu, nakasoma usiku kwa tochi ya simu, maana kedi anayejua kanuni ndo anaitwa wa kwanza asubuhi. Uadilifu haukuwemo kabisa kwenye hesabu zangu.

Siku hiyo nimembebea begi mzee mmoja mcheshi, anacheza na mama mmoja hivi mkimya, mechi ya shimo kwa shimo, mpaka tunafika la 14 hakuna aliyemwacha mwenzie. Mzee akapiga kwa draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, mpira ukakata kulia ukaishia kwenye michongoma. Tukatafuta, dakika ya pili nikauona mimi.

Umekaa katikati kabisa, kwenye panda ya vishina viwili, mweupe kama yai la kuku, miiba pande zote, mkono ukiingia unatoka na damu na fimbo ndo usahau kabisa. Sasa pembeni ya kichaka kulikuwa na koki ya kumwagilia inavuja, tone, tone, na kwenye lile tope nyuki wamekuja kunywa maji, kama kumi na tano hivi, wametulia na maisha yao. Mmoja akaruka akatua juu ya mpira. Akatembea kwenye vile vishimo vyake, akasimama, akaanza kujifuta uso kwa miguu ya mbele. Mzee naye akachungulia, akamwona.

"Kijana," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "kanuni inasemaje?"

Kanuni 16.2 nilikuwa nayo kichwani. Mnyama wa hatari, nyuki wametajwa humo pamoja na nyoka wa sumu, unatafuta sehemu ya karibu ambapo hatari haipo, usisogelee shimo, unadropu ndani ya urefu wa fimbo moja, bure, yaani bila penalti. Ila ina mkia. Mkia unasema kama kuna kitu kingine kinachokuzuia kupiga, tuseme kichaka, hao nyuki hawakusaidii, nenda kanuni ya 19, tangaza mpira haupigiki, jiongezee mkwaju mmoja. Ule mkia niliuona, nawaapia, ukurasa mzima ulinijia machoni na doa la chai nililoumwagia.

Nikasema, "Nyuki hao mzee. Dropu ya bure."

Yule mama akaangalia kichaka. Akaangalia koki. Akaniangalia na mimi, hasira hana, ni kama unavyomwangalia muuza nyanya aliyekupangia nzuri juu na wewe unajua za chini zikoje. "Haya," akasema, "kama kijana anasema." Mzee akachukua mpira mwingine akanyoosha mkono usawa wa bega, mazoea, mama akamwambia "Gotini, kaka," mzee akacheka akainama, na sisi wote tukacheka. Yaani goti tulilisimamia kama majaji.

Shimo likawa la mzee, mechi ikaishia la 17, nikapewa elfu ishirini na jina jipya, Wakili. Hilo jina lilidumu mpaka naacha kazi.

Huwa najitetea, mara nyingi nikiwa bafuni sijui kwa nini. Nyuki walikuwepo, sikuwachora. Mama angeweza kubisha. Halafu nani kasema nyuki anayekunywa maji hang'ati? Nikifika hapo nauona tena ule mwiba, mrefu kama kidole changu cha shahada, na utetezi unaishia hapo hapo.

Mtoto nikamwambia mwenzio yuko sahihi, akasusa, chakula cha usiku kala kanipa mgongo.

Ila wiki ile iliyofuata yule mama alikuja kwa msimamizi wa makedi akasema leo begi langu atabeba Wakili, kanitaja hivyo hivyo. Tukazunguka mashimo yote 18. Mpira wake uliingia mara mbili sehemu za hovyo, mara ya pili ni michongoma ile ile, koki bado inavuja. Mara zote mbili katangaza haupigiki, kajihesabia penalti yake mwenyewe, kaomba fimbo. Kanuni hakuniuliza hata moja.